Hita Ileile, Mke Yuleyule

"Nna hita ileile na mke yuleyule, na vyote viwili bado vinachemka!"

Hayo aliyasema Ami Thabit siku ya pili ya Idi, mbele ya ukoo mzima, mkono wa mbuzi ungali mdomoni. Wanaume walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Bi Masouda, mkewe, alijifunika uso kwa ushungi, naye anacheka.

Ami ni mstaafu wa wizara asiyewahi kutupa hata msumari. Nyumbani kwake Al Khoudh, Maskati, kuna feni lenye mapanga matatu, kila panga na ukoo wake. Hita ya bafuni ilifungwa kabla binti yao Ghaliya hajaota meno. Leo Ghaliya ana mvi anazozificha kwa hina.

Maskati wakati wa joto, tangi la juu ya paa linapika maji bila gesi. Basi kila nyumba hufanya vilevile: hita inazimwa, maji yanalala ndani yake kivulini, na bomba jekundu ndilo linalotoa maji ya baridi. Ukigusa la buluu umejichemsha kama yai. Mtoto hulijua hilo kabla ya kuijua Alhamdu.

Mwaka huu Bi Masouda alifungua jekundu atie udhu, akapiga ukelele. Mkono ukatoka malengelenge. Hita ilikuwa inawaka.

Ami akamwita Nahashon, fundi Mkenya wa Wadi Kabir. Akabadilisha kile kidude kinachopima moto. Maji yakachemka tena. Akakibadilisha tena. Mara ya tatu akashuka ngazi mikono mitupu.

"Mzee, hii kitu haina shida. Ukizima, inazimika."

"Inajiwasha."

"Labda iko na jini, wallah."

"Basi ina jini! Kizee hiki kimesahau kuzimika. Utatengeneza, au umekuja kunihubiria?"

Nahashon alicheka. Ami hakucheka, na Ami asipoucheka utani wake mwenyewe, ujue mambo yameharibika.

Maana alikuwa anajua. Siku ile ya malengelenge, baada ya sala ya adhuhuri, alimkuta mkewe ukumbini, nje ya bafuni, kidole kwenye swichi ya hita, taa yake nyekundu imewaka.

"Unafanya nini, Masouda?"

"Nnamwashia mama maji. Anaona baridi."

Mama yake alizikwa Unguja kabla wao hawajaoana. Nje lami ilikuwa inayeyuka.

Ami alizima, akatoka, akawatangazia watu kuwa hita imezeeka. Ghaliya akamwambia, "Baba, tumpeleke mama akaonwe." Akajibiwa, "Mama yako mzima. Hita ndiyo mbovu." Ndiyo sababu hakutaka kusikia kwamba hita ni nzima. Hita ikiwa nzima, kilichoharibika ni kipi?

Mtu aliyejisifu mbele ya ukoo kwamba hatupi kitu akasema, "Itupe. Lete mpya."

Nahashon akaleta, akaifunga, nyeupe kama jino la bandia. Ya zamani ikabebwa mbele ya majirani kama maiti isiyo na wenyewe. Bi Masouda akaja kutazama, kitambaa kimezungushwa mkononi.

"Itamfaa mama?"

"Itamfaa," akasema Ami.

Bi Masouda akanyoosha kidole kwenye swichi, akawasha. Taa nyekundu ikawaka. Akatabasamu, akenda zake jikoni kumtafutia mama yake taulo.

Ami akaitazama ile taa. Hakuwa tena na kizee cha kukisingizia. Akaingia bafuni, akakaa juu ya kifuniko cha choo, kanzu yote imelowa jasho.

"Nahashon, mwanangu. Waya wa kwenda kwenye hita, ukate."

"Mpya hii, mzee?"

"Kata. Swichi iache. Taa yake iwe inawaka tu."

Nahashon hakutania. Akapanda ngazi, akakata.

"Na baridi ikiingia, mzee, mtaoga na nini?"

Ami alikuwa anatafuta pochi.

Nahashon akamwandikia risiti: hita mpya ya lita hamsini, pamoja na kufunga, riali arubaini na tano.