Dawa ya Rejeta na Kitenge cha Mama

Harufu ya rejeta inayochemka naijua kuliko harufu ya pilau. Ni harufu ya kutu na mpira uliopata moto, yenye utamu fulani unaobaki kooni, na ikinifikia hata leo nikiwa dukani kwangu Somanda, mkono wangu hutafuta kitu cha kushika, kama nilivyokuwa nikishika dashibodi ya pikapu yetu nikiwa na miaka kumi. Msimu ule wa pamba baba alikuwa amelala chali nyumbani kwetu Migato, mguu umefungwa plasta hadi pajani baada ya kuanguka kutoka juu ya mzigo, na aliyekaa kwenye usukani alikuwa mama. Baba mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuendesha, zamani, kwa mzaha tu, wala hakudhani siku moja mzaha ule ungetulisha. Mimi nilikaa kushoto kwake nikiangalia geji ya joto, maana mama hakupenda kuondoa macho barabarani. Mshale ukipita katikati, niseme. Ukikaribia alama nyekundu, nipige kelele. Jamani, nilipiga kelele mwaka ule!

Tulikuwa tukipeleka pamba yetu na ya majirani kiwandani Bariadi, na njiani kulikuwa na mto mkavu wenye mchanga mwingi ambao gari hupita kwa gia namba moja, injini ikinguruma na jua likiwaka utosini. Hapo ndipo mshale ulipoanza kupanda. Tukifika ng'ambo, mvuke ulikuwa unatoka kwenye boneti, mama anazima injini, tunasubiri ipoe ndipo afungue mfuniko wa rejeta na kuongeza maji kutoka kwenye dumu. Waliopita na baiskeli walisimama kutupa pole, "Pole, mayu," yaani pole mama kwa Kisukuma, na bila kuulizwa wakatoa na ushauri. Ushauri wenyewe ulikuwa mmoja: mwanamke anakanyaga mafuta mno, gari halimzoei. Mama aliwaitikia kwa heshima. Mimi niliwachukia mmoja mmoja, na wengine nawakumbuka sura hadi leo.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba baba mdogo Masanja alisema vilevile. Baba mdogo alikuwa mfugaji, mrefu, mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya tatu, na nilimpenda kupita kiasi. Siku moja alikaa kitandani kwa baba na kusema mbele ya mama, "Kaka, hili gari litakufa mikononi mwa shemeji. Tuliuze, tununue maksai. Ukipona utakuta kilimo kinakwenda." Baba akasema gari litibiwe, na likichemsha tena baada ya hapo, litauzwa. Mama alikuwa anachambua mchele, na mikono yake ilisimama. Nilijua anawaza nini, kwa sababu tangu ashike usukani alikuwa anatembea tofauti, anacheka kwa sauti, na watu walikuja nyumbani kumuulizia yeye, si baba.

Baba mdogo akaenda Mwanza, akarudi na chupa ya dawa ya rejeta. Maji ya kijani yanayong'aa, na kwenye karatasi yake picha ya barafu. Mimi niliona kitu kizuri kama kile lazima kiponye. Alilinywesha gari kama anavyonywesha ng'ombe mgonjwa: aliinua chupa, akaiacha imiminike taratibu kwenye mdomo wa rejeta, na ilipokwisha akaipapasa boneti, kama anavyopapasa koo la ng'ombe ili ameze. Sote tulicheka, hata mama.

Safari iliyofuata likachemsha palepale mtoni. Tuliporudi, baba aliniuliza mimi, si mama: "Geji ilifika wapi?" Nilimtazama mama. Alikuwa anavua ndala, hakuinua uso. Nikasema, "Kwenye nyekundu." Basi. Baba mdogo akasema Jumapili ataleta mnunuzi. Nilikimbilia nyuma ya jiko nikalia, nikijiona nimemuuza mama yangu kwa neno moja, na mama akanifuata huko, akachuchumaa. "Umesema ulichokiona," akasema. "Ungedanganya ningekuchapa."

Asubuhi iliyofuata mama aliniamsha akiwa na kitenge mkononi. Jana yake, tulipokuwa tumesimama injini ikinguruma bado, alikitupa kitenge kile mbele ya rejeta kujikinga na mvuke, nacho kikaning'inia tu. Baba alikuwa ametuonya mara ngapi tusisogeze nguo hapo, kwamba feni huvuta upepo kwa nguvu na nguo hunatana na rejeta? Aliwasha gari uani, akakiweka tena kitenge. Pembeni kilivutwa kidogo. Katikati kilitulia kama kimeanikwa siku isiyo na upepo. Mama akazima injini, akaingiza kidole kwenye vipenyo vya rejeta na kuchomoa uzi mchafu wa pamba, mrefu, uliochanganyika na vumbi na mbegu za majani. "Kumbe!" akasema. "Kumbe!" Pale kiwandani magari hupanga foleni yakinguruma na nyuzi za pamba zikielea hewani kote. Kila safari tulirudi na nywele nyeupe kama vikongwe, tukachekana, na hata siku moja hatukujiuliza gari nalo limevuta kiasi gani. Tulikuwa tunatibu tumbo la gari, kumbe limezibwa pua.

Tuliisafisha hadi mchana, tukimimina maji kutokea nyuma kwenda mbele, tukichokonoa kwa njiti za ufagio pole pole tusipinde yale mabati membamba. Bonge lililotoka lilikuwa kubwa kuliko kichwa changu. Alhamisi tukaenda na mzigo, na mshale ukakaa katikati, kwenda na kurudi. Nikaruka uani nikitangaza. Na baba mdogo, bila haya, akapiga makofi: "Si niliwaambia? Dawa huchukua muda kuingia damuni!"

Sijawahi kumwona mama amekasirika vile. Hakupaza sauti. Alingoja gari lipoe, akaleta debe, akafungua koki ya chini ya rejeta na kuitoa dawa yote mbele ya shemeji yake, akamwambia achimbe shimo aifukie kuku wasije wakainywa. Akajaza maji ya mvua kutoka kwenye pipa. "Kesho naenda na maji matupu," akasema. "Likichemsha, Jumapili ufunguo nampa mnunuzi mwenyewe, na gari nitakuwa nimeliosha." Baba alisikia yote kupitia dirishani. Sasa ilikuwa juu ya macho yangu tena, na nilijua nitasema kweli.

Mtoni sikupepesa. Gia namba moja, mchanga, mzigo hadi juu. Mshale ukapanda ukafika katikati, ukapita kidogo, upana wa njiti ya kiberiti, ukarudi, ukasimama. "Wapi?" mama akauliza. "Katikati." "Sema tena." "Katikati, mayu!" Akacheka, machozi yakamtoka, akaendesha hivyohivyo bila kuyafuta. Jumapili mnunuzi alikuja, akanywa chai, akaondoka kwa miguu. Baba mdogo alimsindikiza, na aliporudi alisimama mlangoni akakohoa. "Wabeja, shemeji," akashukuru kwa Kisukuma, na tangu siku ile hakusema tena habari za mkono wa mwanamke.

Leo ninauza vipuri, na hakuna wiki inayopita bila kijana kuingia dukani kuuliza, "Dada, dawa ya kupoza injini ipo?" Ipo, rafuni pale, za kila rangi. Nami nawaambia bila kumung'unya maneno. Kulanti nzuri, ile ya kuchanganya na maji ya rejeta, weka, maana inazuia kutu na inachelewesha maji kuchemka. Yale maji yetu matupu yalikuwa ya kumaliza ubishi, si ya kuendeshea miaka. Hizi chupa ndogo za kuongezea huenda zikakupunguzia joto kidogo kama kila kitu ni kizima. Ila rejeta iliyoziba, feni mbovu au mfuniko uliolegea haviponi kwa chupa. Halafu natoka nje na kitenge changu. Wengi hunishangaa, wengine hawanunui kitu, na sijali.

Barabara siku hizi ni nzuri, mwanamke akipita na gari hakuna anayegeuza shingo, na magari mengine yana taa tu mahali pa mshale. Wazazi wangu bado wako Migato, na huja kunitembelea na kigari chao kidogo. Mguu wa baba ulipona zamani, akatoka nje bila mkongojo asubuhi moja, tukadhani anakwenda kuchukua usukani wake. Alizunguka gari akafungua mlango wa kushoto, mahali pangu. Hapo ndipo anapokaa hadi leo. Wakiegesha mbele ya duka, kabla hata ya salamu, anatoa kichwa dirishani na kunipa taarifa ambayo sijamwomba: "Katikati, mwanangu. Toka nyumbani hadi hapa, katikati."