Nduma Nyuma ya Jikoni

Mama alikuja Kitengela na begi moja dogo na mfuko wa miche iliyolowa maji ya nduma, yale magimbi ya kwetu. Tulikuwa tumemzika baba, na kaka yangu, anayekaa kule nyumbani Murang'a na familia yake, ndiye aliyemleta kwangu. Hata chai hajaonja, akanitangazia kwamba amekuja kunitembelea tu. Akishapanda nduma zake, zikakomaa akazila, atarudi kwake.

Nduma, Kitengela! Huku udongo mweusi ukikauka unapasuka hadi unameza kiatu, na maji ya kisima yana chumvi, sukuma wiki yenyewe huota kwa kubembelezwa. Nilimwambia hivyo. Akaningoja nimalize, kisha akaomba jembe.

Tulichimba shimo nyuma ya jikoni, tukatandika nailoni chini ili maji yasipotee, tukajaza udongo na samadi ya mbuzi. Jirani yetu, mama wa Kimaasai aliyetupa hiyo samadi, alitushangaa. Kwao majani ni chakula cha mbuzi, alisema, na sisi tunayajengea bwawa. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mazishi.

Nduma zikashika. Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala uwandani kuelekea Isinya, nilimkuta kwenye stuli kando ya shimo, leso mabegani, akizimwagia maji ya mvua kikombe kwa kikombe. Matone yaliteleza juu ya yale majani makubwa bila kuyalowesha. Wakati mwingine aliongea na baba pale, polepole, kwa Kikuyu, akimpa habari za ng'ombe na za nani ameoa. Nikisimama mlangoni na kikombe changu nilijihisi niko usingizini, na sikutaka mtu aniamshe.

Maana ahadi yake niliijua. Nimekulia kwenye nduma. Zikikomaa, majani hupungua na shina huvimba likainua udongo. Niliyaona hayo yote nikanyamaza jii. Mama naye aliingiza kidole udongoni, akapapasa, akasema bado kidogo. Nami nikaitikia, eeh, bado. Mvua ikaja, ikaenda, na sisi bado kidogo.

Siku moja kaka alipitia kwangu akitoka Illasit kununua vitunguu. Akazunguka nyuma kunawa mikono, akaliona shimo, akang'oa nduma moja bila kuomba ruhusa. Ilikuwa nene kama paja la mtoto, imezungukwa na vichipukizi. Akacheka sana. Hizi zimekomaa zamani mpaka zimezaa, alimwambia mama, ulikuwa unangoja nini? Akaongeza kwamba gari liko na nafasi, akafunge begi waende.

Mama hakucheka. Amelima nduma tangu usichana wake, na kidole chake hakijawahi kudanganywa na udongo. Hapo ndipo nilipoelewa, machozi yakanijaa. Aliichukua ile nduma akaipangusa tope kwa ncha ya leso, muda mrefu, bila kututazama.

"Niliogopa kuuliza kama naweza kukaa," akasema.

Nikamwinua, nikamkumbatia na tope lake lote. Kisha nikamgeukia kaka, nikamwambia hiyo nafasi iliyo kwenye gari aijaze vitunguu.