Sweta Ndani ya Ndoo

Sufu iliyolowa hunuka kama mbuzi aliyenyeshewa. Harufu hiyo ikinijia, hata nikiwa jikoni kwangu Mbinga nikikausha soksi za watoto karibu na moto, nauona ufuko wa Ziwa Nyasa katika miezi ya baridi: maji ya rangi ya risasi, ukungu uliolala juu yake kama mtu asiyetaka kuamka, usipa, dagaa wa kwetu, wakikauka kwenye vichanja, na upepo wa kusini ukipekua kila nguo iliyoanikwa.

Mwaka ule mimba ilimsumbua mama, nami nikapelekwa kwa shangazi Skola, dada yake baba, aliyeolewa katika kijiji kidogo kusini mwa Lituhi. Kabla sijaondoka mama alinivisha sweta zito la kijani alilolifuma akiwa kitandani, akaniambia, "Usilivue mpaka tuonane." Yeye aliwaza baridi. Mimi, kwa akili ya miaka tisa, nilielewa kwamba nikilivua atakufa. Nililala nalo. Nilipooga nililifunga kichwani, na binamu zangu wakaniita Mama Kilemba.

Siku moja ikaja habari kwamba mama amejifungua, ila hajapata nguvu, na ananiulizia. Lori la kupanda Mbinga lingeondoka Lituhi kesho yake. Mjomba, mume wa shangazi, angenifikisha kwa mtumbwi. Jioni shangazi akanishika mkono hadi majini.

"Ingia na hilo sweta lako. Mpaka kifuani."

Niliingia. Sufu ikanywa ziwa kama ardhi ya kiangazi. Mikono ya sweta ikarefuka ikapita vidole, kola ikanivuta shingo.

"Haya, piga kasia."

Nilijaribu kuinua mikono, haikuinuka. Mjomba akacheka hadi akakaa mchangani. "Watu wa milimani! Mnavalia hewa, mnasahau maji."

"Nguo ya mtumbwini huchaguliwa ikiwa imelowa, mwanangu," shangazi alisema. "Ikiwa kavu, kila nguo ni nzuri."

Nililia, nikamweleza agizo la mama na kile nilichokiogopa. Hakunicheka. Alilikamua sweta, akalikausha usiku kucha kando ya moto wa kubanikia samaki, na asubuhi akalikunja ndani ya ndoo ya rangi yenye kifuniko, akakigonga kwa ngumi. Mimi akanivika fulana nyembamba ya nailoni iliyonibana, na juu yake mfuko wa plastiki wa ndani ya gunia la mbolea, uliooshwa na kutobolewa matundu ya kichwa na mikono. Ndoo akanifunga nayo kiunoni kwa kamba. "Hujaliacha. Unalo. Mwambie mama yako hivyo."

Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Tulikwenda tukisukumwa na upepo, nami sikusikia baridi. Mfuko ulipigapiga mwilini kama bawa la kuku. Lituhi ilikuwa imeshaonekana, moshi na watu ufukoni, wimbi lilipotushika ubavuni, mtumbwi ukapinduka. Nilizama, kisha kitu kikanivuta kiunoni kwenda juu. Ilikuwa ndoo. Niliikumbatia, nikaelea juu yake, miguu ikirusha maji, nguo nyepesi hazinizuii, hadi mjomba aliponifikia.

"Shangazi yako akisikia," alisema akihema, "nitalala nje."

Ufukoni tulivunja kifuniko kwa jiwe. Sweta lilikuwa kavu, lina joto bado, au nilidhani hivyo. Nilipofika nyumbani nilimkuta mama ameketi, mtoto kifuani. Nikasema shikamoo. Alininusa kola.

"Linanuka samaki. Ulilivua?"

"Nililivua, mama. Ndiyo maana nimefika."

Siku hizi Lituhi kuna boti za injini, na abiria wengine huvaa maboya ya rangi ya machungwa yaliyoshonwa kwa kazi hiyo. Ni bora kuliko mfuko wa mbolea, sina shaka. Sweta lilifumuliwa zamani, likawa kofia ya mdogo wangu. Lakini kila ninapomchagulia binti yangu nguo za safari ya ziwani kwa shangazi, ambaye sasa haoni vizuri, huomba maji kidogo sokoni, nikalowesha upindo na kuuning'iniza kidoleni. Wauzaji hunicheka. Mama, aliyezeeka karibu nami, hanicheki. Huuliza tu kama ndoo ina kifuniko.