Mguu wa Kushoto wa Janvier

Mwanangu, ipo asubuhi moja ambayo miguu yangu haijaisahau. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, shule nimeiacha zamani, na kule kwetu Nyamitaba niliamka nikajikuta nafunga kamba za viatu bila kujua nakwenda wapi. Mama aliniuliza, nami nikamjibu, "Mbele." Akacheka, akanitilia viazi vya kuchemsha mfukoni. Lori la kabichi likanipokea, na kabla jua halijawa kali likanishusha Mushaki, pale barabara inapoanza kuteremka kuelekea Sake.

Palikuwa na kundi la watu mbele ya karakana ya Papa Bauma, seremala wa chukudu. Chukudu ni ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na kiti wala pedali, inayobeba magunia kuyashusha sokoni. Mimi sijui kupita penye watu bila kuuliza, basi nikauliza. Wakanionyesha kijana mmoja mrefu, mtaratibu, anayefuta vumbi kwenye usukani kwa shati lake mwenyewe. Jina lake Janvier. Alikuwa mchezaji wa kulipwa katika timu moja ya Goma, na mguu wake wa kushoto ulikuwa unajulikana mpaka kwa wachunga ng'ombe. Siku za mapumziko alirudi kwao, na furaha yake ilikuwa moja: kushuka ule mteremko na chukudu tupu, kasi ya upepo.

"Kaka, ni kweli unashukaka na hii kitu mpaka chini?" nikamwuliza.

"Nashukaka. Lakini leo basi. Kesho asubuhi natakiwa Goma, tuko na match kubwa."

Alikuwa ameshaiegemeza chukudu ukutani, mwanangu. Alikuwa ameshamaliza. Na mimi, kwa kiherehere changu, nikasema kwa sauti, "Aah! Nimetoka mbali, na nitarudi na masimulizi tu. Mimi naaminiaka macho."

Kundi likaripuka. "Mugeni hakuamini! Janvier, onyesha mugeni!"

Papa Bauma akatoa kichwa karakanani, vumbi la mbao kwenye nyusi. "Kipira ya freni imekwisha," akasema. Akagusa kile kipande cha tairi kuukuu kinachoning'inia juu ya gurudumu la nyuma, ambacho mwendeshaji hukikanyaga ili kupunguza mwendo. "Na chukudu bila muzigo inarukaka kama mbuzi. Acha, mutoto wangu. Mwenye kubeba viazi anashuka sababu anatafuta chakula. Wewe unatafuta nini?"

"Papa, kwa kiwanja nachezea timu. Hapa najichezea mwenyewe. Moja tu, ya mwisho."

Mimi ndiye niliyeanza kupiga makofi.

Nisikudanganye: ulikuwa uzuri wa ajabu. Goti moja juu ya ubao, mguu mwingine ukisukuma ardhi mara mbili, tatu, kisha akainama na barabara ikamchukua. Tulikata njia ya mkato kupitia shamba la maharagwe ili tumwone akitokea kwenye kona. Alitokea. Na kwenye kona hiyo hiyo mama mmoja alikuwa anavusha ng'ombe wake, bidoni, dumu la maziwa, mgongoni.

Janvier akakanyaga freni. Kile kipira kikaruka hewani kama jani. Angeweza kujitupa majanini na kuiacha chukudu iende inakokwenda. Ingempata yule mama. Basi akafanya walifanyalo wabeba mizigo pasipobaki lingine: akabana wayo wake juu ya gurudumu lenyewe. Wayo wa kushoto. Nilisikia kiatu kikichanika. Akasimama hatua moja kutoka kwa mama yule, chukudu ikamwangukia juu ya mguu.

Mama akamtazama, akautazama mguu, akasema, "Mungu akubariki, umeniokoa. Lakini mama yako alikuzala mara ngapi, unacheza hivi?"

Vidole viwili vilikuwa vimevunjika. Papa Bauma alimfunga kwa vibanzi vya mbao, kisha akanigeukia mimi, si yeye. "Wewe mugeni. Ule anapigaka makofi, muguu yake inabakiaka muzima." Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuja, mwenyeji akaumia. Na asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini siku ile mmoja wa wasiosikia alikuwa mimi, na guu lilikuwa la mwingine.

Simu ya Janvier ikalia. Kocha. Nikamnong'oneza, "Sema ulianguka shambani, ulikuwa unasaidia mama yako." Akatikisa kichwa.

"Coach, ni chukudu. Nilikuwa najifurahisha. Hapana, hakuna mutu alinisukuma."

Hakunitazama alipolisema hilo. Nimetembea sana tangu hapo, nimekutana na wakubwa wa kila namna, na bado sijaona ukubwa kama ule.

Nafasi yake alipewa mwingine. Nilibaki Mushaki mpaka alipoweza kukanyaga ardhi, nikimchotea maji asubuhi na kumpigia randa Papa Bauma mchana. Chukudu ile Janvier alimpa jirani mbeba viazi, ikapata mzigo wake. Kisha yeye akarudi Goma kukaa kwenye benchi na kuanza upya, nami nikashika njia ya Masisi, nikaingia msituni, kazi hapa, kazi pale, karibu mwaka mzima.

Siku niliyofika Walikale mvua ilikuwa inanyesha. Mama mmoja alinipa chumba chenye kitanda cha mianzi, akanielekeza sebuleni nijikaushe. Vijana walikuwa wamezunguka redio. Mtangazaji akapaza sauti: mpira kwa Janvier, Janvier kwa kushoto, bao! Wote wakapiga makofi. Nikaiangalia mikono yangu. Kisha nikapiga na mimi, mpaka viganja vikawaka.

Mwanangu, wewe uliyesaini na timu majuzi na bado unainua gurudumu la mbele la pikipiki sokoni ili tukushangilie: sikukatazi kupenda mwendo. Moyo usiopenda hatari kidogo haufungi bao. Ila jiulize mguu huo unalisha akina nani, na ukikosea, kosa lako ukiri mwenyewe. Na ninyi mnaomzunguka, mkimpenda, wekeni makofi yenu kwa ajili ya uwanjani.

Mungu aulinde wayo wako kwenye kila mteremko, akupe kona zisizo na ng'ombe, na kila ufikapo ugenini ukute kitanda kikavu na jina lako likitajwa kwa furaha.