Majibu ya Damu ya Mama

Mama alikuwa akipika maandazi na sambusa za kuuza pale mtaani Nyamirambo tangu kabla sijazaliwa, katika jiko la matofali lisilo na dirisha. Kikohozi chake tulikizoea. Mwaka wa tisini na moja akaanza kusimama katikati ya ua, ameshika nguzo ya kamba ya nguo, midomo imegeuka rangi ya zambarau. Ndipo baba akakubali tumpeleke hospitali.

Walimtoa damu, wakampiga picha ya kifua. Siku ya majibu daktari kwanza hakumtazama mama. Alizungumza na baba kwa Kifaransa, mama akiwa amekaa katikati yao. Mimi nilikuwa nasoma sekondari, nilielewa kila neno. Alisema damu imekuwa nzito, chembe nyekundu zimezidi, kwa sababu mapafu yanaingiza hewa kidogo na mwili unahangaika kufidia. Mapafu ya namna hiyo, alisema, hayaponi. Yataendelea kuchoka tu. Kisha akamgeukia mama akitabasamu: "Mama, ni kikohozi tu. Utakunywa dawa."

Nyumbani nilimwuliza baba kwa nini hatumwambii.

"Mgonjwa akijua anakata tamaa. Nyamaza."

Kesho yake mama alikuwa jikoni anapuliza kuni mbichi, na baba anakula maandazi yake. Nilitamani kuipiga teke ile sahani. Nilimfuata mama, nikamweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni, macho yakiniwasha kwa moshi. Hakulia. Alimwaga maji motoni, akajitanda mtandio.

"Twende."

Daktari alishtuka kutuona.

"Ile damu iko yangu," mama alimwambia. "Mulinitoa mimi, hamukumutoa bwana yangu. Niambie."

Daktari akanitazama mimi.

"Usimuangalie mtoto. Mimi niko hapa."

Akamweleza, kwa Kiswahili cha kukwamakwama. Mama akauliza amebakiza muda gani. Alijibu kwamba damu haisemi hivyo. Inaonyesha tu kuwa ugonjwa umefika mbali, na moshi unauongeza.

"Jana ulijua moshi unaniua, ukaniacha nirudi jikoni?"



Mama hakuingia tena katika lile jiko. Baba alinuna, akawa anakwenda kula kwa dada yake. Mama alikaa barazani penye hewa, akashona vitambaa vya meza, akaamua mwenyewe nani atamlea mdogo wangu na nani atarithi cherehani. Alifariki mwanzoni mwa tisini na tatu, kitandani kwake.

Matangani baba aliwasimulia watu jinsi alivyomficha mkewe habari mbaya kwa sababu ya mapenzi. Wakatikisa vichwa kwa huruma, wakamsifu. Nikainuka.

"Alijua," nikasema. "Nilimwambia mimi. Na alikukasirikia mpaka mwisho."

Shangazi alinivuta gauni ili nikae. Sikukaa.