Maji ya Baba Yalipogeuka Kijani

Kwii, kwii, kwii. Juzi jirani yangu alikuwa akiosha chemni ya taa kwa kitambaa kibichi, nami nikaacha ukili niliokuwa nikisuka, nikaduwaa. Sauti ile naijua. Ndivyo lilivyokuwa likilia kumbi la nazi mkononi mwa baba, alipokuwa akisugua kioo cha samaki wake kule kwetu Magongo, kabla hajachukuliwa vitani.

Usidhani tulikuwa matajiri wa kufuga samaki kwenye vioo. Kilikuwa chombo cha betri kuukuu za simu ya reli, kioo kinene kama kidole, kilichotupwa kwa kuwa kimemeguka ukingo. Baba, aliyekuwa kibarua huko, alikibeba kichwani mpaka nyumbani, akakiosha kwa jivu siku saba ile tindikali itoke. Akatia mchanga wa mtoni, akapanda majani membamba yanayoota chini ya maji, akaleta visamaki sita na konokono watatu. Nyanya, mamake baba, alicheka mpaka akakaa chini, akasema hajapata kuona mtu mzima akilima shamba ndani ya chupa. Lakini jioni yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvuta mbuzi ya kukunia nazi, akaikalia, akatazama.

Mama alifariki ningali nanyonya, kwa hiyo baba alipopelekwa vitani Bama, kioo aliniachia mimi. Kikae pembeni, mbali na jua. Kila Ijumaa nitoe kata tatu za maji, nitie kata tatu nyingine, nisizidishe. Nisugue ukoga pande tatu, upande wa nyuma niwaachie konokono. Na chakula kiwe chembe za ugali tu, mara moja kwa siku. "Huruma nyingi huchafua maji," alikuwa akisema, akinitazama mimi maana ananijua.

Mwaka wa kwanza niliyashika yote. Barua zilikuja, mwalimu wetu wa chuo cha Kurani akatusomea. Kisha zikakoma. Hapo ndipo nilipokiburuta kioo juu ya gunia hadi mlangoni, jua la asubuhi linapopiga, ili baba akitokea njiani akione kabla hajatuona sisi. Nyanya aliniona, hakunikataza. Nadhani na yeye alikuwa na lake moyoni. Na kila nilipokula wali niliwadondoshea samaki tonge. Nilijiambia wakishiba wao, baba naye huko aliko ameshiba. Wao wakiwa hai, na yeye yu hai.

Maji yakageuka kijani. Kwanza utando mwembamba, kisha nyuzinyuzi zikayakaba majani, kisha hata samaki huwaoni. Watoto wa mtaani walipita wakichungulia, wakiniuliza supu ya mchicha imeiva au bado. Nilicheka nao, nikaingia ndani nikalia. Alfajiri samaki walipanda juu wakitweta, midomo wazi. Akafa mmoja, wa pili, wa tatu. Na kila asubuhi nilikuta mstari safi katikati ya ule ukoga, kama kwamba mtu amepitisha kidole. Nyanya alisema ni konokono. Sikumbishia, ila mstari ule nilikuwa nikiuamkia shikamoo.

Nyanya akamwita muadhini, jirani yetu, aliyekuwa akilitunza birika la msikiti. Muadhini akainama, akanusa, akaniuliza nawalisha nini, kisha akatikisa kichwa. Birika lao lina samaki miaka na miaka, alisema, na maji yake maangavu, kwa kuwa jua haliingii wala makombo hayaingii. Ukoga chakula chake ni mwanga. Basi tuyatoe makombo, tubadilishe maji kidogo kidogo, kisha tukifunike kioo gubigubi siku nne. Majani yatalivumilia giza, ukoga hautalivumilia.

Niliporudi kutoka kisimani nikakuta kioo kimefunikwa kaniki nyeusi. Mwaka uo huo bibi mmoja wa nyumba ya pili alikuwa amefariki, nami niliona kioo cha chumbani mwake kikifunikwa nguo vile vile, kama ilivyokuwa desturi kwetu nyumba ikiwa na msiba. Nikaivuta kaniki, nikaikumbatia.

"Baba hajafa," nikasema.

"Sikufunika mtu, mwanangu," Nyanya akajibu. "Nimefunika maji."

Akaifunika tena. Alipoelekea jikoni, nikaifunua. Tukaenda hivyo siku kadhaa, na hakunipiga hata mara moja. Samaki wa nne akafa, na wa tano. Mwishowe nikaificha kaniki chini ya kitanda changu.

Kisha askari wakaanza kurudi. Mmoja aliyekuwa na baba huko alikuja na viatu vyake vizito, akakaa na Nyanya barazani. Kahawa yake ilipoa hajaigusa. Mimi nilikuwa ndani, sikusikia aliyoyasema. Nilimsikia Nyanya tu, akitamka inna lillahi polepole, kama anayeshusha mtungi asije akaumwaga. Alipoingia alinishika kichwa kwa mikono miwili, akajitanda, akatoka kwenda kuwaarifu jamaa.

Leo kioo kile hakipo, kilivunjika tulipohama. Nyanya naye ametangulia. Kijito vilikotoka visamaki vile kimekuwa mtaro, na pale palipokuwa mlango wetu imepita barabara. Visamaki vya namna ile nimevitafuta, wallahi, sijaviona tena popote. Najua sasa kwamba ukoga ni jua na makombo tu, hakuna lingine. Lakini nikipita Magongo asubuhi huhisi kuna mtu anangoja kwenye ule mlango usiokuwapo, na nikimwangalia vizuri namwona ni mimi.

Siku ile, Nyanya alipotoka, tulibaki mimi na samaki mmoja. Nilikaa chini nikakisukuma kioo kwa mgongo, kidogo kidogo, maji yakinimwagikia, mpaka pembeni kwenye giza. Nikayachota makombo kwa kata, yote. Kisha nikaitoa kaniki chini ya kitanda, nikaikung'uta, nikaitandaza juu ya kioo, nikachomeka ncha zake nne moja moja, mwanga usipate pa kuingilia.