Dobi Aliyeomba Uchafu

Mkewe alipoondoka kwenda kumtazama binti yao aliyejifungua, hakumwachia mumewe maagizo ya chakula wala ya milango. Alimwachia agizo la sponji.

"Ukiona maji yanatoka kwa shida, fungua chujio la bwawa. Sponji na kitambaa visuuze kwenye ndoo ya maji ya bwawani. Visuuze tu! Si bombani. Si kwa sabuni. Umenisikia, baba?"

"Nimesikia."

"Niangalie usoni useme."

Alimwangalia, akasema. Lakini yeye alikuwa dobi tangu ujana, na sasa amestaafu lakini mikono haijastaafu. Alikuwa tayari amepiga pasi mapazia, vitambaa vya vyombo na kofia ya mkwewe aliyekuja kusalimia tu.

Bwawa lenyewe lilikuwa uani, dogo, la kuzungukwa kwa hatua chache, na ndani yake aliishi mpenzi wa mke wake: samaki mnene wa rangi ya chungwa aliyeitwa Mheshimiwa, kwa sababu ya kitambi na kwa sababu muda wote alifungua mdomo bila kusema kitu. Mke alimlea tangu akiwa saizi ya kidole. Mumewe hakumbuki kama yeye mwenyewe amewahi kubembelezwa vile.

Siku ya pili maji yakaanza kutoka kwa shida. Dobi akafungua chujio, nalo ni pipa la plastiki kando ya bwawa. Lo! Sponji limevaa utelezi wa kahawia, na kitambaa cha kuchujia, kizito kama blanketi, kinanuka tope. Alilisuuza sponji kwenye ndoo kama alivyoapa. Likabaki kahawia.

"Mimi nina jina langu mjini," alimwambia Mheshimiwa.

Kilichofuata ni mazoea tu. Beseni, sabuni, maji ya moto, tena sabuni, tena maji. Akavianika kwa vibanio. Kitambaa kilipokauka, akakipiga pasi na kukitia mkunjo katikati. Akavirudisha pipani, akawasha pampu, akalala usingizi wa mtu aliyetenda haki.

Baada ya siku chache maji yakawa kama maji ya mchele, na Mheshimiwa yuko juu, anatweta. Simu ikaita wakati huohuo.

"Mheshimiwa hajambo?"

"Yupo. Anatafakari."

"Kesho narudi."

Maji yakamfika shingoni, ingawa bwawa lilimfika magotini. Jirani mmoja tu ndiye aliyekuwa na bwawa: mshonaji wa nguo ng'ambo ya ua, ambaye kwa miaka dobi amekuwa akiliita bwawa lake supu. Akaenda, kofia mkononi. Mshonaji alimsikiliza huku sindano iko mdomoni, kisha akaitoa ili acheke vizuri.

"Ule utelezi ni vijidudu, shemeji. Vinakula kinyesi cha samaki. Wewe umeua wafanyakazi wote, ukabaki na jengo linalong'aa."

"Sasa nifanye nini?"

"Punguza maji nusu, ongeza yaliyokaa kwenye pipa la mvua. Halafu unahitaji uchafu wa kuanzia. Mimi ninao mwingi. Si supu hii?"

"Naomba… kidogo."

"Kidogo cha nini? Sisikii, cherehani inapiga kelele."

Cherehani ilikuwa imezimwa.

"Naomba uchafu!" dobi akapaza sauti, na mbwa wa mtaa wa pili akabweka.

Alivuka ua amekumbatia nusu ya sponji la mshonaji, likimchuruzikia shati jeupe, na hakuthubutu hata kulipangusa. Akalipachika katikati ya chujio, akapunguza maji, akaongeza ya mvua, kisha akakaa kwenye kigoda akimwomba Mheshimiwa apige mbizi. Kulipokucha Mheshimiwa alikuwa chini, anapekua mawe.

Mke alifika na mfuko begani, akapita mlangoni bila kusalimu, moja kwa moja hadi bwawani. Mheshimiwa akamjia mkononi. Mke akapumua. Kisha akafunua chujio.

"Sponji hili la kijani si letu."

"Ni mgeni."

"Na kitambaa kina mkunjo kama suruali ya harusi."

"Kiliniponyoka."

"Kikaangukia pasi?"

Dobi akatazama mawingu. Mke alijaribu kununa, akashindwa, akacheka hadi akakaa chini.

"Hutagusa sabuni uani mpaka sponji letu lichafuke lenyewe," akasema alipopata pumzi.

Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya chai, dobi hufunua chujio, hunusa, na kurudi jikoni akiwa na sura ya mleta habari za msiba.

"Vipi?" mke huuliza.

"Bado safi."